Kilo za Kamua

Upimaji wa uzito ulifanyika Ijumaa saa nne asubuhi katika chumba cha kubadilishia nguo cha ukumbi wa ngumi. Chumba kilikuwa na benchi moja refu, ndoano sita za kutundikia nguo, mbili kati yake zimeng'oka, na harufu ya dawa ya misuli iliyoingia mpaka kwenye rangi ya ukuta. Mizani ilikuwa ya ghala. Shirikisho la ngumi halikuwa na yake, kwa hiyo kila mwezi iliazimwa kutoka kwa wauza mbolea, ikafutwa vumbi, ikapigwa kiganja mara mbili ili mshale utulie kwenye sifuri. Msimamizi wake alikuwa mstaafu wa ofisi ya vipimo. Watu walimwita Bwana Vipimo, na hakuwahi kuonekana bila kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki.

Aliyetangulia siku hiyo alikuwa kijana wa mwenye duka la vioo, mwenye mabega kama kabati la milango miwili. Alipopanda, mshale ulisogea kidogo, ukasimama.

"Kilo kumi na moja," Bwana Vipimo akasoma, akaandika. "Baba bado anakubeba?"

"Bado. Juzi kaninunulia pikipiki."

"Haya, shuka."

Kijana huyo alikuwa na mwaka mzima hajapata mpinzani. Kwa kilo kumi na moja hakuna wa kupigana naye ila watoto wa chekechea, na mwalimu wao alikwisha kukataa. Akavaa viatu vyake akaenda zake, akipiga mluzi.

Akafuata Kamua. Huyu alikuwa na miaka ishirini na sita na wembamba wa mpini wa fagio. Alivua viatu, akavua hereni, akavua hata kibanio cha nywele, maana Kocha alimwambia kila gramu ina maana yake. Akapanda. Mshale ulikimbia, ukapita mia, ukapita mia mbili, ukatetemeka kidogo kwa heshima, ukasimama.

"Mia mbili sitini na tatu," Bwana Vipimo akasema. "Nyumbani mko wangapi?"

"Sita, na mimi."

"Anayefanya kazi nani?"

"Mimi."

"Ndiyo hiyo basi. Uzito wa juu. Anayefuata!"

Mizani ile haikuwa na tatizo lolote. Ilisoma mtu pamoja na anachokibeba, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, Shirikisho lilikwisha kuizoea. Kanuni ilisema uzito ni ule unaosomwa, na kanuni ni kanuni.

Jina la Kamua alilipata kazini. Alifua mashuka na mablanketi ya hospitali, katika chumba cha nyuma karibu na jenereta. Mashine ya kufulia ilikufa miaka mitatu nyuma, wakaambiwa kipuri kiko njiani, na muda wote kipuri kikiwa njiani mablanketi yalikamuliwa kwa mikono. Wenzake walikamua wawili wawili, huyu upande huu na yule upande ule. Yeye alikamua peke yake, wao wakishangilia, "Kamua! Kamua!" mpaka blanketi lilie. Siku moja Kocha alikuja kumwona shemeji yake aliyelazwa, akapotea njia akitafuta choo, akamkuta yuko kazini. Kocha alikuwa mziba pancha aliyewahi kuwa bondia, au bondia aliyewahi kuwa mziba pancha. Hata mkewe hakuwa na hakika. Alisimama mlangoni mpaka blanketi likaisha maji, akasahau choo.

"Binti," akasema, "umewahi kumpiga mtu?"

"Sijapata nafasi."

Nafasi akampa. Kamua naye hakwenda kwenye ngumi kwa kupenda sifa. Alitaka jambo moja tu: atoke kwenye kile chumba kabla hakijampinda. Mama yake alifua humo humo miaka ishirini na miwili, akatoka na mgongo kama mpini wa mwavuli. Madaktari waliokuwa wakilalia mashuka yake walimwambia ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Kamua aliuona mgongo ule kila asubuhi mama yake anapoinama kumwekea maji ya kuoga, na kila asubuhi alijiambia kwamba mimi hapana, na yeye nitamtoa hapa kwenye unyevu akakae pakavu.

Maana nyumbani palikuwa na vyumba viwili vyenye unyevu, na watu wenyewe ni hawa. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa amekalia sofa mwaka wa kumi na moja, tangu kiwanda cha viberiti kifungwe. Shangazi alikuja msibani kwa siku tatu, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nyumba ile haikuwa na jembe. Mdogo wake Kamua alikuwa anajifunza kushona. Alikuwapo mtoto wa huyo mdogo wake, miaka mitatu, ambaye yeye angalau alikuwa na sababu. Na Mama. Mama hakuwa anaomba kitu, lakini mama ni mama, mama ni wa kubebwa, na kila mtu alihesabu hivyo.

Pambano la kwanza lilikuwa kesho yake saa kumi jioni. Mpinzani alikuwa mwanamke wa kuuza nyama, kilo mia na kumi na mbili, zake pamoja na za mumewe asiyeelewana na kazi. Alipomwona Kamua, alimwuliza refa mpinzani mwenyewe anakuja saa ngapi.

Kwenye kona Kocha alimfunga Kamua glavu, akainama sikioni.

"Sikiliza. Ngumi haitoki mkononi, inatoka kwa unaowabeba. Nani mzito kwenu?"

"Mjomba."

"Muweke kulia. Wa pili?"

"Shangazi."

"Kushoto. Mdogo wako na mtoto tuwaache akiba."

Raundi ya kwanza Kamua alisukumwa huku na huku kama pazia. Ya pili Kocha akachoka kutazama. "Mrushe Mjomba!" akapiga kelele. "Mrushe Mjomba, unamtunzia nani?"

Kamua akamuwaza Mjomba: miguu juu ya meza, anauliza chai imeishia wapi. Akaachia mkono wa kulia. Wakati huohuo nyumbani, Mjomba aliinuka kutoka kwenye sofa kiasi cha shubiri moja, kikombe mkononi, akakaa hewani kidogo, akarudi chini.

"Dada," akamwuliza Mama, "kuna upepo?"

"Upepo wa wapi?"

Hajamaliza kujibu, Shangazi naye akaruka kutoka kwenye kigoda alipokuwa akimenya viazi, akatua nusu hatua mbele. Akatazama kisu, akatazama kigoda.

"Kashinda," akasema, akaendelea kumenya.

Kweli alishinda. Mwuza nyama alilala pale chini na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka kama alifunga duka. Tangu siku hiyo nyumba ile haikuhitaji redio. Shangazi aliomba jambo moja tu, awe anaambiwa mapema pambano ni saa ngapi, asije kuwa ameshika kitu cha moto. Mama hakuruka hata mara moja. Yeye kila pambano alisimama mlangoni, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na akiulizwa husema ni mgongo tu, unamsumbua.

Kamua alishinda mapambano sita. Jina likatoka. Vijana wakaanza kumsalimia barabarani kwa kumkunjia ngumi, na pale hospitalini mganga mkuu akaja kupiga naye picha mbele ya mashine mbovu. Kwenye kona Kocha alimwita Mjomba kulia na Shangazi kushoto, watu ukumbini wakawa wanaitikia, na Mjomba, aliposikia kwamba jina lake linaimbwa na watu mia tano, akaanza kukaa kwenye sofa kwa uangalifu zaidi.

Hapo ndipo Promota alipokuja. Alikuja na magari mawili, moja la kupanda na moja la kufuatwa nalo. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mfukoni ana karanga zisizoisha.

"Kuanzia leo, binti yangu," akamwambia, "mimi ndiye nitakayekubeba."

Wakatia sahihi mkataba kwenye boneti ya gari la kufuatwa nalo.

Mwezi uliofuata mizani ilisoma mia tatu sitini na saba. Kamua alishuka, akapanda tena. Ni hiyo hiyo. Kwenye mazoezi alianza kuchoka mapema, magoti yanamwuma, na asubuhi ilimbidi akae kitandani kidogo kabla ya kuinuka. Nyumbani kikaitwa kikao, na Mjomba akawekwa katikati.

"Mimi nimekula nini jamani?" Mjomba akalalamika.

"Sema hukula nini, tumalize haraka," Shangazi akamjibu.

Shida ni kwamba uzito wa juu hauna mkanda. Mkanda wa ubingwa ulikuwa uzito wa kati, mwisho kilo sitini na tatu, na uko kiunoni mwa mwanamke aliyeitwa Saruji, aliyekuwa na miaka minne hajaanguka. Mwenye mkanda alikuwa analipwa kwa mwezi, pambano liwepo lisiwepo. Mwenye mkanda haamki kwenda kukamua mablanketi. Mwili wa Kamua wenyewe, kwa mizani ndogo ya kliniki ya wajawazito isiyojua mambo ya watu, ulikuwa kilo sitini na moja. Promota alipanga pambano baada ya miezi mitatu na kuagiza jambo moja: "Punguzeni uzito."

Familia ilipokea agizo kwa moyo wote. Wote walijinyima kula. Mjomba aliacha sukari, kisha akaacha chai yenyewe, kisha akaacha kuzungumza na watu. Kila alfajiri walitoka kukimbia kwa mstari, Kamua mbele, Shangazi amejifunga khanga mbili na nailoni ili atoke jasho, Mjomba nyuma kabisa anakimbia mpaka kwenye kona na kuwasubiri hapo warudi. Mama alitembea. Baada ya wiki tatu suruali ya Mjomba ilishikiliwa na kamba, na mashavu ya Shangazi yakawa yameingia ndani kama mtu anayenyonya ndimu. Wakaongozana wote mpaka ukumbini. Kamua akapanda.

Mia tatu sitini na saba.

"Hata gramu?" Shangazi akauliza, sauti imekauka kwa njaa.

Bwana Vipimo aliwatazama wote, mmoja mmoja, walivyokonda. Akaweka kalamu chini.

"Nani aliwaambia inapima minofu?" akasema. "Hata mkibaki mifupa, mkiwa juu yake mko juu yake. Kuleni, jamani. Halafu mshuke."

Shangazi ndiye aliyeumia zaidi. "Kumbe mimi ni mzigo!" akasema njia nzima. "Mimi! Niliyemfunga nepi!" Jioni ile ile alitoa kiti nje kibarazani, akaita mwanamke wa kwanza aliyepita, akamsuka nywele kwa hasira. Wa pili akamsuka kwa nusu hasira. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa na foleni, na Ijumaa ya kupima mshale ulikuwa umerudi nyuma kilo sabini na nane. Mdogo mtu alimaliza mafunzo, akapata cherehani ya kukodi karibu na stesheni, akashuka na mtoto wake. Mtoto alihamia juu ya mama yake bila ya yeye mwenyewe kuamka usingizini.

Akabaki Mjomba. Mjomba hakuwa mvivu, asisingiziwe. Ni kwamba kazi aliyoijua ilikuwa imefungwa na kufuli, naye alikuwa anaisubiri ifunguliwe. Kocha ndiye aliyemtafutia. Kulikuwa na duka la fanicha mjini lililotaka mtu wa kukaa dirishani mchana kutwa, wapita njia waone kwamba masofa yake hayabonyei. Walifika waombaji tisa. Wanane walianza kuhangaika baada ya saa moja, huyu anajikuna, yule anataka kujinyoosha. Mjomba alikaa mpaka wakafunga duka, na walipomwambia amepata kazi aliuliza kama anaweza kumalizia dakika tano. Siku ya kwanza ya mshahara alimletea Kamua mkate na sabuni ya kuogea, akasimama mlangoni hajui akae wapi.

"Mpwa wangu," akasema, "nilikuwa sijui. Ukikaa juu ya mtu hujui. Unaona tu pako juu."

"Hamna neno, Mjomba."

"Lipo," Mjomba akasema, akapenga kamasi kwa leso, akaenda kulala mapema maana kesho kazini.

Ijumaa ya kupimwa kwa ajili ya mkanda chumba kilijaa. Alikuwepo Mwenyekiti wa Shirikisho amevaa tai, Promota na karanga zake, Kocha, Shangazi, na Mama aliyekuja na kapu la chakula cha baada ya kupima. Saruji alipanda kwanza: sitini na mbili na nusu, hana mtu. Kamua akavua viatu, hereni, kibanio. Akapanda.

"Mia na ishirini na saba," Bwana Vipimo akasoma.

Kocha akahesabu kwa vidole vilivyojaa gundi ya pancha. Mjomba ameshuka, Shangazi ameshuka, mdogo mtu na mtoto wameshuka.

"Basi ni mimi," Mama akasema. Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu aliyetambua kwamba mwavuli uliosahauliwa ni wake. "Nisamehe, mwanangu. Nashuka sasa hivi."

"Mama, wewe kaa," Kamua akasema. "Sikutaki ushuke. Kama ni wewe, acha mkanda uende."

"Mkanda hauendi popote." Mama akaweka kapu chini, akatoka koridoni, akafunga mlango. Akakaa kwenye benchi, akaamua kuachana na mwanawe moyoni, kabisa, asimuwaze kalala vipi, kala nini, ameumia wapi. Ili aweze, ilimbidi amuwaze mtu mwingine. Akamuwaza waziri wa maji.

Ndani, mshale ukaanza kusogea. Ulikuwa unapanda. Ukaiacha mia na ishirini na saba, ukaiacha mia na arobaini, na magoti ya Kamua yakakunjika. Ukasimama kwenye mia na sitini na tano.

"Mwiteni mama arudi," Bwana Vipimo akasema upesi.

Mama akafungua mlango, akamwona mwanawe amejikunja juu ya mizani, akasahau waziri. Mshale ukashuka wenyewe, taratibu, mpaka mia na ishirini na saba.

Bwana Vipimo akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Huyu hakuwa juu," akasema. "Huyu yuko chini. Ndiye anayebeba."

"Nani kama mama," Kocha akasema, kama watu wanavyosema, na kama kawaida hakuna aliyeongeza kitu. Kamua alilia pale pale juu ya mizani, machozi yanadondoka kwenye bamba la chuma, na Bwana Vipimo akayafuta kwa kitambaa kwa sababu nayo yangesomwa. Ule mgongo ambao miaka yote alilaumu unyevu na sabuni kwa ajili yake, kumbe nusu yake ilikuwa yeye. Mama alikuwa anaokota kapu lake, anauliza kama sasa wale au bado.

"Bado," Bwana Vipimo akasema. "Sitini na moja ni zake. Hapa kuna mtu mwingine." Akageuka polepole. "Wewe bwana, una kilo ngapi?"

"Mimi?" Promota akacheka. "Mia na nne, na sijawahi kukonda."

"Panda tuone."

Kamua akashuka, Promota akapanda na viatu vyake, na koti, na karanga, na simu mbili. Mshale haukutikisika. Bwana Vipimo aliipiga mizani kiganja. Sifuri. Akaandika sifuri kwenye daftari, akaipigia mstari kwa rula.

"Anaweza kushuka?" Kocha akauliza.

"Wale wengine walishuka wenyewe," Bwana Vipimo akasema. "Huyu ana mkataba."

Wote wakamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akalegeza tai. Tiketi za ukumbi mzima zilikuwa zimeshauzwa, mabango yamebandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo.

"Promota ni sehemu ya mchezo," akaamua. "Atolewe."

"Atolewe kwa huyu binti?" Bwana Vipimo akauliza.

"Atolewe kwenye hesabu."

Bwana Vipimo akaandika, akatoa mia na nne kwenye mia na ishirini na saba. "Inabaki ishirini na tatu," akasema. "Hiyo haifiki uzito wa kati. Hiyo ni jirani wa yule kijana wa vioo. Ni kwa sababu mama yake anambeba."

"Kanuni zinasemaje kuhusu mama?"

Bwana Vipimo akafungua kitabu cha kanuni, akafunua kurasa zote, na ya mwisho, na jalada.

"Hazisemi."

"Basi mama atoke tena, dakika mbili, hesabu ikae sawa."

Mama hakubishana. Aliuliza tu kama atoke na kapu au aliache. Akakaa kwenye benchi la koridoni, akarudi kwa waziri wa maji. Ndani Kamua alisimama tena juu ya mizani na kilo mia na sitini na tano, meno ameyauma, mikono ya Kocha iko karibu lakini haimgusi, mpaka muhuri ukapigwa: kilo sitini na moja, anafaa.

Pambano lilikuwa kesho yake, raundi kumi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Shangazi alifunga kibaraza chake mapema. Mjomba aliomba ruhusa, akaja ukumbini na kukaa safu ya nyuma kwa ustadi ambao waliomzunguka waliusifu. Mama alibaki nyumbani. Alisema mlangoni panamtosha.

Saruji alikuwa ameitwa hivyo kwa haki. Kamua alipiga, na zile zilikuwa ngumi safi, zake mwenyewe, za kilo sitini na moja. Saruji alizipokea kama barua za watu asiowajua. Raundi ya nne alianza kutabasamu. Ya tano alimpasua Kamua nyusi, damu ikaingia jichoni.

"Mjomba kulia!" Kocha akapiga kelele kwa mazoea. "Mrushe Mjomba!"

Ukumbi mzima ukaitikia. Kamua akarusha mkono wa kulia akimuwaza Mjomba, na Mjomba akabaki ametulia tuli safu ya nyuma, mtu na mshahara wake. Ngumi ikafika nyepesi. Saruji akamrudishia mbili.

Kwenye kona kabla ya raundi ya saba, Kocha alimfuta damu kwa taulo.

"Ngumi zako zimeishiwa ndugu," akasema. "Nani yuko?"

"Hamna mtu."

"Hamna kabisa?"

Kamua akahema. Akamtazama Promota. Alikuwa kwenye meza ya wageni wa heshima, safu ya mbele, kiti chenye mto, anamenya karanga na kumweleza mke wa Mwenyekiti alivyomwokota huyu binti kutoka kwenye mablanketi.

"Yuko yule," akasema.

Kocha naye akatazama. Akajifuta mikono kwa taulo, kama fundi aliyeona tairi alilokuwa akilitafuta.

"Basi mrushe yule," akasema.

Kengele ikalia. Saruji akaja na tabasamu lake. Kamua akarudi hatua moja, akazitafuta mgongoni zile kilo mia na nne, zilipo, zilivyokaa kwa raha, akazikusanya zote, akaziteremsha begani, akaziachia kulia. Safu ya mbele Promota alitoka kwenye kiti chake amekaa vilevile, miguu imekunjwa, karanga mkononi, akapita juu ya maua, juu ya chupa za maji, juu ya mkoba wa mke wa Mwenyekiti, akatua kifudifudi kwenye keki ya bingwa iliyokuwa mwisho wa meza. Saruji alianguka mzima mzima. Refa akahesabu mpaka kumi, akaongeza kumi na moja kwa kutoamini kwamba ile miaka minne imeisha.

Watu waliimba. Kocha alilia kwenye taulo lenye damu. Nyumbani Mama aliuachia mwimo wa mlango, akakaa chini hapo hapo kizingitini, akanyoosha miguu.

Promota alijipangusa krimu ya keki kwenye nyusi, akapanda ulingoni kabla ya daktari, akaunyanyua mkono wa Kamua juu, picha zikapigwa.

"Mmeona wenyewe," akawaambia waandishi. "Bila mimi asingeshinda."

Waandishi wakatazamana. Walikuwa wameona wenyewe. Wakaandika hivyo.

Mkataba uliongezwa miaka mitano. Shirikisho lilikaa na kupitisha kwamba bondia yeyote wa kulipwa awe na promota asiyepungua kilo themanini, kwa manufaa ya ngumi yake, na fomu mpya zikachapishwa zikiwa na mstari ulioandikwa tayari: *Toa promota*. Mstari wa mama haukuwekwa. Mabondia wenye mama waliambiwa waje nao siku ya kupima ili mama hao watolewe nje. Bwana Vipimo alizijaza fomu hizo kwa kalamu yake inayoandika, mpaka siku moja akaanza kutumia ile nyingine.

Kamua aliacha kufua. Alihamia nyumba yenye sakafu kavu, vyumba vinne na bafu lenye maji ya moto, akaenda na Mama. Kwenye kile chumba cha hospitali aliajiriwa binti mwingine, mfupi, mwenye mikono mizuri. Kipuri kiko njiani. Shangazi alifungua saluni ya viti vitatu, na Mjomba alipandishwa cheo, akawekwa idara ya vitanda.

Kamua ametetea mkanda mara tano. Kila Jumatatu asubuhi hupanda kwenye mizani aliyonunuliwa na Bwana Vipimo kwenye mnada wa ghala, akaiweka pembeni ya jiko. Mama huwa anapika, amempa mgongo, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango wa jikoni.

"Mama," Kamua humwambia, "nitue sasa. Tumeshafika."

"Nilishakutua zamani, mwanangu," Mama hujibu bila kugeuka. "Simama vizuri, usitingishike."

Kamua hutazama mshale. Mia na ishirini na saba. Hushuka taratibu, mguu mmoja kisha wa pili, asije akamtegua.